Kufanya ovaholi ya injini ya Beetle kwa vifaa vya kuazima na kazi kwa kazi

Injini ya Volkswagen Beetle hufunguka karibu yote kwa spana namba 13, 14, 15, 17 na 19, bisibisi na nyundo ya plastiki. Kinachokwamisha watu ni kazi chache za katikati zinazodai kifaa maalumu: soketi ya 36 yenye mkono mrefu, bamba la kuzuia flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa kranki), pula ya gia za kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), maikromita, geji ya mshale ya kusoma mchezo mdogo, kibanio cha ringi, kikandamizi cha springi za valvu, taa ya taimingi. Kila kimoja hufanya kazi saa moja au mbili, basi. Kuvinunua vyote kwa ajili ya injini moja ni hasara.

Kuviazima vyote siku moja nako ni kosa. Kranki itakaa karakana wiki tatu, vifaa vitalala kwenye boksi, mwenyewe atavihitaji, nawe utavirudisha kabla hujavitumia. Kwa hiyo ratiba ya kuazima ifuate hatua za injini: kifaa kije siku ambayo kazi yake iko tayari mezani, kiondoke jioni yake.

Mwongozo huu unahusu injini ya 1600 (silinda milimita 85.5, mwendo wa pistoni milimita 69, cc 1584). Ya 1300 na ya 1500 hufanana nayo kwa mengi. Ya 1200 ina vipimo vyake, usivihamishe. Beetle ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, mwaka 2003, ndiyo maana pistoni, beringi na hata kesi nzima (mwili wa injini unaobeba kranki) bado zinapatikana mpya. Mikono ndiyo ya kutafuta. Afrika Mashariki, ambako gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, wengi waliokuwa wakizifunga injini hizi kila wiki sasa ni wazee, na mara nyingi vifaa vyao bado vimo kwenye sanduku uvunguni. Anza kwao. Kisha uliza kwenye karakana za vyuo vya ufundi, halafu kwa wamiliki wenzako.

Makubaliano kabla ya kushika kifaa

Kifaa kwa kifaa ndiyo njia safi kuliko zote. Ukichukua pula na soketi ya 36, acha grainda au drili yako kwa mwenyewe, naye aitumie. Fedha ya rehani humfaa kidogo, kwa kuwa hawezi kuikatia chuma. Piga picha za vyote viwili kabla havijaondoka, meno ya pula na ncha za maikromita zikionekana. Taja siku ya kurudisha kwa kalenda. Neno "nikimaliza" lisiwepo, kwani injini iliyofunguliwa haina siku ya kumalizika inayojulikana.

Kazi kwa kazi ipimwe kwa saa. Kusaga valvu nane na viti vyake ni nusu siku kwa mwenye vifaa. Kutandika upya nyaya za taa za pikapu ni nusu siku kwa fundi umeme. Hapo mmelingana, hata kama mmoja ana jina kubwa mjini. Kuchomelea, kupiga rangi, kushona viti, hata kumwandikia mtu hesabu za gereji yake, vyote vinabadilika. Vitu vinavyoisha kazini (poda ya kusagia, nyaya, fimbo za kuchomelea, rangi) hununuliwa na mwenye gari linalotengenezwa. Fanya kazi yake kwanza. Wewe ndiye mwenye injini vipandevipande, na mtu aliyekwisha kuhudumiwa huja siku ya kupima bila kukumbushwa mara nne.

Malizeni pia mambo mawili ambayo watu huona haya kuyataja. Kifaa kikivunjika mkononi mwako unanunua kingine, isipokuwa kilikuja tayari na ufa unaoonekana pichani. Na anayekusaidia kupima hana deni kama injini itagoma baadaye: yeye anasoma namba, wewe unaamua.

Kazi ya mashine kubwa usiibadilishe na chochote. Kusaga kranki na kuchonga njia ya beringi za kesi, lipa taslimu uchukue risiti. Kazi ya hisani hulala nyuma ya kila mteja mwenye fedha, na kranki ikirudi na kipimo kibovu unahitaji mdomo wa kuikataa. Mtu aliyekufanyia bure utaona aibu kumrudishia.

Hatua ya 1: Pima injini ikiwa bado garini

Azima geji ya kompresheni kwa nusu saa. Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, aksereta imekanyagwa hadi chini, piga stata mpaka mshale utulie. Pwani, injini nzuri ya 1600 husoma shinikizo la kati ya baa 7.5 na 9. Nairobi, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na namba hushuka kwa karibu moja ya tano, hivyo usihukumu injini kwa namba za kitabu tu. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ya zaidi ya baa 1.5 inakuambia kuna ringi, valvu au hedi iliyolegea. Ule ujanja wa kumimina kijiko cha oili ndani ya silinda ili kutofautisha ringi na valvu hauaminiki hapa, kwa sababu silinda zimelala na oili hukusanyika upande wa chini.

Kisha zima injini, shika puli ya chini, isukume na kuivuta kuelekea mbele na nyuma ya gari. Mchezo wa kawaida wa kranki ni milimita 0.07 hadi 0.13, na mwisho wa uvumilivu ni 0.15. Mchezo huo hausikiki vizuri kwa mkono. Ukisikia "tok" ya wazi, umepita mbali, na huenda kiti cha beringi namba 1 kwenye kesi kimegongwa kikapanuka. Huu ni uchunguzi wa dakika moja, nao ndio unaokuonyesha mapema kama utahitaji karakana ya kuchonga au utafunga kwa beringi za saizi ya kawaida.

Hatua ya 2: Kushusha injini na nati ya flaiwili

Tenga betri, nyaya, waya wa aksereta, waya za hita na bomba la petroli (lizibe kwa bolti, usilikunje). Injini hushikwa na bolti na nati nne tu kwenye giaboksi, mbili juu na mbili chini. Ina uzito wa karibu kilo 110, kwa hiyo azima jeki ya magurudumu na ubao wa kuiwekea, pamoja na stendi imara za kushikilia gari. Ivute nyuma mpaka shafti ya giaboksi itoke kwenye klachi, ndipo uishushe. Ukiishusha ikiwa bado imening'inia kwenye shafti, utapinda sahani ya klachi.

Nati ya flaiwili ni ya 36 na hufungwa kwa toki (nguvu ya kukaza, hupimwa kwa Nm) ya Nm 300 hadi 350, kutegemea mwaka wa injini. Hiyo ndiyo sababu ya kuazima bamba la kuzuia flaiwili, soketi ya mraba wa robo tatu ya inchi na mkono imara. Usikubali nyundo na patasi. Nati itatoka, lakini pini nne zinazoshika flaiwili na kranki zitakuwa zimepigwa pembeni, na flaiwili itakayolegea baadaye itakula mashimo ya pini mpaka kranki iwe ya kutupa.

Bamba na soketi utavihitaji mara mbili, kufungua na kufunga, na kati yake kuna majuma. Vichukue leo jioni, virudishe kesho, mkubaliane kabisa kuhusu safari ya pili.

Hatua ya 3: Kufungua kesi na kuosha

Ondoa hedi, silinda na pistoni, ukiandika namba kwa kalamu ya rangi. Silinda namba 1 na 2 ziko upande wa kulia wa gari, 3 na 4 kushoto, na 1 na 3 ndizo za upande wa flaiwili. Pistoni ina mshale juu yake. Siku ya kurudi, mshale unaelekea flaiwili.

Kabla ya kuinua shafti ya gia ya distributa, kumbuka kuna washa mbili chini yake. Zitoe kwa sumaku au waya. Ikidondoka moja ndani ya injini ambayo hukukusudia kuifungua, sasa umekusudia.

Kesi ni ya magnesiamu, hedi na pistoni ni za aluminiamu. Karakana nyingi zina pipa la soda kali ya moto kwa ajili ya bloku za chuma. Hedi ikitumbukizwa humo inaliwa. Asidi nayo hula kesi. Osha kwa mafuta ya taa au dizeli, halafu sabuni na maji, kausha kwa upepo wa kompresa mpaka ndani ya njia za oili, paka oili siku hiyohiyo. Ukimwazima mtu kona ya karakana yake, mwambie pia kwamba vumbi na chembe za magnesiamu hushika moto kwa cheche, na maji huuchochea. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, na grainda ya jirani isielekee kwako.

Gia mbili za kranki, ile ya shaba ya distributa na ile ya taimingi, hukaa juu ya beringi namba 3, hivyo huwezi kubadilisha beringi hiyo bila kuzitoa. Ondoa klipu kwanza. Pula ya miguu mitatu ikishika meno ya gia ya shaba itayang'oa. Bamba lipite nyuma ya gia ya taimingi ili zote mbili zitoke pamoja. Hapa presi ni bora kuliko pula, na karakana itakayosaga kranki huwa nayo. Omba wazitoe wao, ni dakika kumi.

Hatua ya 4: Kupima. Azima mtu pamoja na kifaa

Maikromita mkononi mwa asiyezoea hutoa namba tofauti kila mara. Kwa hiyo kwenye hatua hii usiazime kifaa peke yake, azima saa tatu za mwenye nacho. Zinahitajika maikromita tatu: ya milimita 25–50 kwa shingo namba 4 ya kranki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi), ya 50–75 kwa shingo nyingine, ya 75–100 kwa pistoni, pamoja na geji ya kupimia ndani ya tundu.

Vyuma vyote vilale usiku mmoja kwenye chumba kimoja na maikromita. Kranki iliyotoka juani ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya kifaa huvimba karibu milimita 0.013 kwenye shingo ya 55, na hapa tunabishana kuhusu sehemu za mia za milimita. Maikromita nayo ikaguliwe kwanza kwa kipande chake cha kipimo.

Pima haya, uyaandike kwa mpangilio huu.

Shingo za kranki namba 1 hadi 3 na za konrodi: karibu milimita 55 zikiwa za saizi ya kawaida. Namba 4: karibu 40. Pima kila shingo kwa pembe mbili. Tofauti ikizidi 0.03, shingo si duara tena na kranki inakwenda kusagwa. Saizi za kusagia hushuka kwa hatua za 0.25.

Matundu ya beringi kwenye kesi, nusu mbili zikiwa zimefungwa kwa toki bila kranki: 65 kwa namba 1 hadi 3, na 50 kwa namba 4. Yakiwa yameliwa, kesi huchongwa na kuvaa beringi yenye unene wa nje ulioongezwa 0.5 au 1.0.

Silinda, milimita 10 hadi 15 chini ya ukingo wa juu. Pistoni, sehemu ya chini ya sketi yake (ubavu wake), kwa pembe ya mraba na pini. Nafasi ikiwa mpya ni 0.04 hadi 0.06, na ikifika 0.20 seti nzima inabadilishwa. Hatushauri kutobolea silinda za zamani saizi kubwa. Seti mpya ya nne na pistoni zake hupatikana, na ukuta wa silinda inayopozwa kwa hewa ukipungua, joto hufanya kazi yake.

Mchezo wa konrodi upande kwa upande, kwa fila geji: 0.10 hadi 0.40, mwisho 0.70.

Usinunue beringi kabla karatasi hii haijajaa. Beringi ya kesi ina saizi mbili, ya ndani inayofuata kranki na ya nje inayofuata kesi, na muuzaji akikuuliza "saizi gani?" anataka zote mbili. Anayenunua mapema kwa kuwa bei ilikuwa nzuri kwa kawaida hununua mara mbili.

Hatua ya 5: Hedi

Hii ndiyo kazi inayofaa zaidi kubadilishana. Anayesaga valvu anahitaji hedi mbili safi, zisizo na masizi, na kikandamizi cha springi. Zipeleke zikiwa safi. Kumpelekea mtu masizi ya miaka 30 ni kumwongezea saa mbili ambazo hamkuzihesabu.

Kagua nyufa kati ya viti vya valvu na tundu la plagi kabla hajaanza. Tikisa valvu ndani ya gaidi yake (bomba linaloiongoza): ikicheza kushoto na kulia kwa kuonekana, gaidi ibadilishwe kwanza, maana kiti kilichosagwa juu ya gaidi iliyolegea hakikai katikati. Viti husagwa nyuzi 45. Valvu za ekzosi tunashauri ziwe mpya kila mara, hata kama za zamani zinang'aa. Zimefanya kazi kwenye moto, na ikikatika kichwa hutoboa pistoni na kuharibu hedi kwa sekunde moja. Silinda namba 3 ndiyo inayojulikana kwa hilo, kwa sababu kwenye injini za zamani kipoza oili kimekaa ndani ya boksi la feni na kuizibia hewa.

Hatua ya 6: Kranki na konrodi

Kranki ikirudi kutoka karakana, osha njia zake za oili tena kwa brashi nyembamba. Unga wa jiwe la kusagia hujificha humo na ndio unaoua beringi mpya kwa kilomita chache.

Laza kila beringi kwenye nusu ya kesi, ikae juu ya pini yake, kisha chora mstari juu ya beringi sambamba na ukingo wa kesi. Mstari huo utakuonyesha mahali pa kuizungusha siku ya kufunga, wakati pini haionekani tena. Sasa vaa beringi namba 3 kwenye kranki KABLA ya gia. Wanaosahau ni wengi kuliko wanaokiri, na dawa yake ni kurudi kwenye presi. Pasha gia kwenye sufuria ya oili hadi nyuzi 80, ziteleze mahali pake juu ya ufunguo (kipande cha chuma kinachozuia gia kuzunguka peke yake), rudisha klipu.

Konrodi: namba za mwili na kifuniko ziwe upande mmoja, nati mpya, Nm 33. Baada ya kufunga, gonga ubavuni taratibu kwa nyundo ndogo ili beringi ikae. Ikiinuliwa hadi usawa na kuachiwa, konrodi ishuke polepole kwa uzito wake. Ikianguka kama jiwe, nafasi ni kubwa. Ikiganda, usiendelee.

Spana ya toki ya kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa spana ya toki hilo ni kweli tupu: hujui ilidondoka mara ngapi. Ikague kabla ya kuiamini. Bana kichwa chake cha mraba kwenye vaisi, mkono ukilala usawa, weka Nm 33, kisha ning'iniza ndoo ya maji sentimita 40 kutoka katikati ya mraba. Mzigo wa kilo 8.4 kwa umbali huo ni Nm 33. Spana yenyewe inachangia kama nusu ya uzito wake, kwa hiyo kwa spana ya kilo 1.2 ndoo na maji viwe kilo 7.8. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka isikike "tak". Ikilia kilo moja kabla au baada, irudishe kwa shukrani utafute nyingine. Unahitaji inayoanzia Nm 10, kwa sababu spana kubwa ya magurudumu haiaminiki kwenye Nm 20.

Hatua ya 7: Kufunga kesi

Omba mikono ya pili kwa saa moja, ya mtu aliyewahi kufunga kesi. Gundi inaanza kukauka na hutakuwa na muda wa kutafuta washa.

Paka gundi isiyoganda, safu nyembamba kwenye nyuso zinazokutana, isiguse viti vya beringi. Silikoni nene hujibana ndani, hukatika na kwenda kuziba chujio cha oili. Raba za chini ya stadi kubwa (bolti zisizo na kichwa) ziwepo, kama kesi yako ni ya aina hiyo, na kizibo cha kamshafti (shafti inayofungua valvu) kisisahaulike. Tepeti (visukumwa na kamshafti kufungua valvu) za nusu ya juu zishikiwe na klipu au grisi nzito zisidondoke.

Jino la kamshafti lenye alama ya "0" liingie kati ya meno mawili ya kranki yenye nukta. Zungusha kinyume: kamshafti isijaribu kupanda kutoka kitini. Ikipanda, gia ni kubwa mno kwa kesi hiyo.

Nati sita kubwa za M12 zifungwe kwa hatua, mwisho Nm 34 kama ni nati za kawaida na washa. Nati zenye pete ya plastiki ndani hufungwa Nm 25 tu. Baada ya kila hatua zungusha kranki kwa mkono. Ikiganda ghafla, beringi imetoka kwenye pini. Acha hapohapo, fungua. Kuongeza nguvu kutaibonyeza beringi kwenye pini na kesi itabaki na kovu. Ikizunguka vizuri, malizia nati za M8 kwa Nm 20.

Hatua ya 8: Shimu za flaiwili

Hii ndiyo siku ya geji ya mshale, na pia safari ya pili ya bamba na soketi ya 36. Geji nyingi huja na kishikio cha sumaku, na sumaku haishiki magnesiamu. Tayarisha kipande cha bamba la chuma, kifunge kwa bolti kwenye tundu la kuunganishia giaboksi, sumaku ikae hapo. Bila hilo utakuwa umeazima geji ya kuangalia.

Vaa shimu mbili tu (pete nyembamba za kurekebisha mchezo wa kranki), bila sili (pete ya kuzuia oili) na bila raba ya flaiwili, kaza nati hadi karibu Nm 100. Sukuma flaiwili ndani, weka mshale sifuri, ivute. Toa 0.10 kwenye ulichosoma. Jibu ni unene wa shimu ya tatu. Ukisoma 0.42, unahitaji 0.32. Zinapatikana za 0.24, 0.30, 0.32, 0.34, 0.36 na 0.38, na idadi huwa tatu kila mara. Fundi mzee huwa na kopo la shimu za zamani. Mwombe akuruhusu kuchagua, ukizipima kwa maikromita, maana zilizotumika hupungua.

Fungua, ingiza sili sawasawa na ukingo wa kesi, paka oili mdomo wake, weka shimu tatu na raba mpya, kisha kaza moja kwa moja. Kama hakuna spana ya toki inayofika Nm 350, tumia bomba la mita 1.5 na mizani ya ndoano kama zile za sokoni: vuta kwa pembe ya mraba mpaka isome kilo 24. Pima mchezo tena. Uwe kati ya 0.07 na 0.13, vinginevyo rudia. Usiseme "itajikalia".

Hatua ya 9: Pistoni, silinda, hedi

Kibanio cha ringi cha gereji nyingi ni cha bloku ya kawaida, ambako pistoni huingia kutoka juu. Kwenye Beetle silinda ndiyo inayovishwa juu ya pistoni, kibanio kinabaki upande wa konrodi, na kisipofunguka kimenasa. Azima cha koleo kinachofunguka. Ukikikosa, ingiza pistoni ndani ya silinda mezani, acha tundu la pini likionekana, kisha peleka zote mbili kwenye konrodi na usukume pini. Ikigoma, pasha pistoni hadi nyuzi 75.

Mianya ya ringi, ukiipima ndani ya silinda: mbili za juu 0.30 hadi 0.45, ya oili 0.25 hadi 0.40. Mwanya wa ringi ya oili uelekee juu.

Mirija ya pushirodi (fimbo kati ya tepeti na valvu) ivutwe mpaka iwe na urefu wa milimita 190 hadi 191, mshono wake juu. Mirija mifupi ndiyo chanzo cha Beetle nyingi kudondosha oili sakafuni. Nati za hedi: zunguka mara ya kwanza kwa karibu Nm 10, kisha mwisho Nm 32 kwa stadi za milimita 10, au Nm 25 kwa za milimita 8. Nafasi ya valvu zote 0.15, injini baridi.

Rudisha mabati yote ya kupoza, hata kile kipande kidogo cha chini ya silinda kilichokuwa kimekunjamana. Mafundi wa magari yanayopozwa kwa maji huyaona kama urembo. Bila hayo hewa ya feni hutoroka na hedi hupikika.

Hatua ya 10: Kuwasha

Mimina oili lita 2.5. Piga stata bila plagi mpaka taa ya oili izime. Mpangilio wa moto ni 1-4-3-2, mwanya wa plagi 0.7, wa pointi za distributa 0.4. Weka taimingi kwanza kwa balbu na waya ili injini iwake upesi, halafu taa ya taimingi ya kuazima ifanye kazi ya robo saa, kwa alama ya puli ya injini yako.

Ikiwaka, ishike kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20, usiiache ikiunguruma bila aksereta. Kamshafti na tepeti mpya hupata oili ya kurushwa, na kwenye mwendo wa chini hairushwi ya kutosha. Kazia macho chini ya flaiwili: oili ikidondoka hapo sasa, sili au raba imekatika, na ni heri injini ishuke tena kabla bamba na soketi havijarudi kwa mwenyewe. Ndiyo maana tarehe ya kurudisha safari hii ya pili ihesabiwe kutoka siku ya kuwasha.

Spana ya toki irudi ikiwa imelegezwa hadi namba yake ya chini, maikromita ikiwa imeachwa wazi kidogo na kufutwa oili, pula ikiwa na grisi kwenye nyuzi zake. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, osha chujio, pima valvu tena ikiwa baridi. Valvu ya ekzosi iliyobana kutoka 0.15 hadi chini ya 0.10 kwa umbali huo inazama kitini au inarefuka, na hedi hiyo inarudi kwa aliyeisaga, mkiwa na karatasi ya vipimo mezani.